Jinsi Chokaa Irudivyo Kuwa Jiwe

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari ya kitu mkijuacho nyote, nacho ni chokaa. Hapana mtu wa pwani asiyeiona chokaa kila siku. Nyumba kongwe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zimeunganishwa kwa chokaa, misikiti ya zamani imepakwa chokaa, hata mtafuna tambuu huipaka kidogo juu ya jani lake. Lakini tukiuliza, "Chokaa ya ukutani huwaje ngumu?" watu wengi watajibu, "Hukauka." Jibu hilo ni nusu ya kweli, na ile nusu iliyosahauliwa imekwisha haribu kuta nyingi.

Sisi wenyewe tumo katika hao waliosahau, nasi ni haki tuanze kwa kukiri kosa letu. Miaka iliyopita tuliitwa kusaidia kutengeneza ukuta wa msikiti mkuukuu katika kijiji kimoja cha mrima. Wazee walikuwa wamechanga fedha, kila nyumba kwa kadiri yake, hata wajane walitoa. Tukanunua chokaa njema na mchanga safi, tukaupiga lipu ukuta wa upande wa magharibi. Ilikuwa miezi ya kaskazi, jua kali, na upepo ukivuma mchana kutwa. Siku ya tatu ukuta ulikuwa mweupe na mkavu kabisa. Tukafurahi, tukafunga vyombo vyetu, tukaenda zetu.

Baada ya mwezi mmoja tulirudi kuwaamkia wazee. Mzee aliyekuwa mwangalizi wa msikiti akatushika mkono, akatupeleka ukutani, akapitisha kidole chake juu ya lipu. Lipu ikamwagika chini kama unga wa mhogo. Akatuambia kwa upole, "Wanangu, ukuta wetu mmeupaka unga." Hatukuwa na la kujibu. Watu wa kijiji wakasema kwamba chokaa ni kitu cha watu wa kale, tena hakina nguvu. Wakamwita fundi mwingine, naye akaupiga ukuta ule simenti. Tutarudi kwenye ukuta huo baadaye. Kwanza na tuitazame chokaa yenyewe.

Chokaa hutoka katika mawe. Huku kwetu mawe yenyewe hasa ni matumbawe, nayo yalijengwa na viumbe wadogo wa baharini kwa muda wa miaka mingi sana. Wachomaji hupanga magogo kwa mviringo, wakalundika mawe juu yake, wakatia moto. Lundo hilo huitwa tanuu. Moto ukipata ukali wa kadiri ya digrii 900 za sentigredi, jiwe hutoa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Hewa hiyo ni hewa ya makaa, ambayo wataalamu huiita kaboni dayoksaidi, nayo ni ile ile tuitoayo puani tupumuapo. Kwa macho jiwe halionyeshi kupungua sana, lakini mizani haidanganyi: ratili 100 za jiwe safi la chokaa, zikisha kuungua sawasawa, hubaki ratili 56 tu. Ratili 44 zimekwenda hewani.

Kitu kinachobaki ni chokaa kali, nayo ina kiu kubwa. Ikitiwa katika maji huchemka, hupasuka, hutoa mvuke, hata ikatulia ikawa laini kama siagi. Kazi hii huitwa kuzima chokaa. Zile ratili 56 zimekunywa ratili 18 za maji, na sasa zimekuwa ratili 74 za chokaa iliyozimwa. Hapa yatupasa kutoa onyo. Chokaa itiwe kidogo kidogo ndani ya maji mengi. Maji yasimwagwe juu ya lundo la chokaa kali, maana hurukia watu. Ikiingia machoni huweza kupofusha, basi aliyepatwa na ajali hiyo aoshwe macho mara moja kwa maji safi mengi, kisha apelekwe hospitali. Wazee wa pwani walizoea kuliacha lundo la tanuu miezi mingi, likinyeshewa na mvua na kupigwa na umande, hata kila punje ikazimika. Hawakuwa na haraka, wala hawakupata hasara kwa kungoja. Punje isiyozimika ikiingia ukutani huzimika huko baadaye, ikavimba na kuupasua ukuta.

Sasa chokaa imechanganywa na mchanga, kwa kawaida kipimo kimoja cha chokaa kwa vipimo vitatu vya mchanga, ikatiwa baina ya mawe. Hapo hutokea mambo mawili, na kosa letu lilikuwa kuyadhani kuwa jambo moja. Jambo la kwanza ni kukauka. Maji hunywewa na mawe na kuchukuliwa na upepo, na mchanganyiko hukaza. Lakini kukaza huku si kugeuka jiwe. Ni kama tope la njiani lililokauka kwa jua, ambalo gurudumu likipita hugeuka vumbi.

Jambo la pili ndilo kubwa. Chokaa huirudia ile hewa ya makaa iliyoipoteza motoni. Huivuta kutoka katika hewa inayouzunguka ukuta, ikajifunga nayo, na kwa kufanya hivyo hutoa maji iliyoyanywa ilipozimwa. Wanafunzi na wachukue kalamu wafanye hesabu. Ratili 74 za chokaa iliyozimwa hupokea ratili 44 za hewa ya makaa, hutoa ratili 18 za maji. Jumla ni nini? Ni ratili 100. Hesabu imefungwa pale pale ilipoanzia, na jiwe limerudi kuwa jiwe. Tofauti ni kwamba zamani lilikuwa jiwe la baharini, na sasa ni jiwe lililoshika umbo alilolitaka mwashi.

Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili darasani. Atie chokaa kidogo iliyozimwa katika chupa ya maji, aitikise, aiache usiku kucha. Asubuhi ayamimine polepole yale maji ya juu yaliyo meupe kama maji ya chemchemi, ayatie katika bilauri. Kisha yeye mwenyewe apulize pumzi ndani yake kwa mrija, akiangalia sana asiyanyonye, maana huchoma kinywa. Kitambo kidogo maji yatafifia, yatakuwa kama maziwa. Weupe ule ni vumbi la jiwe lililozaliwa mbele ya macho yao, kwa pumzi ya mwalimu na chokaa iliyokuwa imeyeyuka majini.

Lakini pumzi ya mtu ina hewa ya makaa nyingi, na hewa ya nje ina kidogo tu. Katika sehemu 10,000 za hewa tuivutayo, hewa ya makaa ni sehemu 4 na kidogo. Ndiyo sababu kazi ya bilauri ni ya dakika chache, na kazi ya ukuta ni ya miezi na miaka. Tena huanza usoni mwa ukuta, ikaenda ndani taratibu. Katika mwezi wa kwanza huingia milimita chache tu, na kila iendavyo huzidi kuwa nzito, kwa kuwa hewa yapasa kupita katika sehemu iliyokwisha kuwa ngumu. Ikiwa njia ni maradufu, muda ni mara nne. Wataalamu wana dawa iitwayo fenolftalini ya kupimia jambo hili. Hukata kipande cha mchanganyiko ukutani na kudondosha dawa juu yake. Palipo na chokaa ambayo haijageuka hupata rangi ya waridi iliyokolea. Pale palipokwisha kuwa jiwe hapageuki rangi. Mara nyingi kipande cha miezi kadhaa huwa na ukingo mwembamba usio na rangi, na moyo wa waridi.

Na sasa twafika kwenye siri iliyotuaibisha kijijini. Hewa ya makaa haiwezi kuishika chokaa iliyo kavu. Yapasa kwanza iyeyuke katika unyevu ulio ndani ya vitundu vidogo vya mchanganyiko, kama mtu avukaye mlango wa bahari, ambaye hana budi kupata mtumbwi. Unyevu ukiisha, mtumbwi haupo, na kazi husimama. Lakini maji yakizidi hata yakajaza vitundu vyote, kazi husimama vile vile, kwa kuwa hewa hupita majini kwa shida kubwa kuliko ipitavyo katika nafasi tupu. Kinachotakiwa ni hali ya katikati: ukuta wenye unyevu bila kulowa, na hewa ipitayo polepole. Sisi tuliuacha ukuta wetu katika jua na upepo wa kaskazi. Ulikauka kwa siku tatu, kabla chokaa haijapata kuwa jiwe hata kwa unene wa ukucha. Tuliona weupe tukadhani ni ugumu.

Wazee wetu hawakuyajua majina haya ya hewa na dawa, lakini walijua kazi. Mtazameni fundi wa zamani. Kwanza huunyunyizia ukuta maji, ili mawe makavu yasimnyang'anye chokaa maji yake. Kisha hutomea, yaani hujaza mianya kwa vijiwe na chokaa, akaacha ikaze. Baadaye hupiga lipu tabaka baada ya tabaka, kila moja isipite unene wa kidole, kadiri ya sentimita 1. Tabaka nene hupasuka ikikauka, na hewa haifiki ndani yake. Angalieni pia sakafu za nyumba za mawe. Watu walikaa safu juu ya dari ya boriti, wakaipiga chokaa na kokoto kwa vijiti siku nyingi, huku wakiimba. Wageni walidhani ni ngoma tu. Kumbe kila pigo lilifunga nyufa zilizoanza kutokea, likatoa maji yaliyozidi, likashindilia mchanganyiko hata mvua isipate njia.

Mpaka hapa tumesema habari za uso wa ukuta. Lakini kuta za majengo ya kale ni nene. Tazameni magofu ya Kilwa Kisiwani: Msikiti Mkuu wenye kuba zake, na Husuni Kubwa, jumba lililojengwa katika karne ya 14 zamani za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Ukuta wa namna hii una nyuso mbili za mawe yaliyopangwa, na katikati yake umejazwa mawe madogo na chokaa. Paa likiharibika, maji ya mvua huingia kutoka juu. Mwaka hata mwaka huosha chokaa ya katikati, yakaacha mashimo matupu. Nje ukuta waonekana mzima, na ndani yake nyuso mbili zimekwisha achana. Siku moja uso mmoja hufura kama tumbo, kisha hupomoka.

Dawa yake ni kuujaza ukuta huo kwa mchanganyiko mwepesi, ambao twaweza kuuita uji wa chokaa. Fundi husafisha mianya, huziba nyufa za nje kwa udongo au matambara, huacha matundu machache yenye mirija, kisha huosha ndani kwa maji. Halafu humimina uji kwa mrija wa chini kabisa, hata uonekane ukitoka katika tundu la juu yake. Hapo huziba na kupanda. Hamalizi ukuta mrefu kwa siku moja. Uji ni mzito kuliko maji, na ukimwagwa mwingi kwa pamoja husukuma nyuso za ukuta nje, na tabibu akamwua mgonjwa wake.

Lakini hapa msikilizaji mwenye akili atauliza, "Mmetuambia chokaa yataka hewa. Katika moyo wa ukuta hewa itatoka wapi?" Swali ni la haki. Uji wa chokaa tupu ukikaa ndani ya ukuta mnene huweza kubaki laini miaka mingi. Kwa ajili hii huchanganywa na kitu kingine kiifanyacho chokaa iwe ngumu kwa maji, bila kungoja hewa. Kitu hicho ni vumbi la udongo uliochomwa kwa moto wa kadiri, kama vumbi laini la matofali, au majivu ya mlima wa moto. Warumi walichimba majivu ya namna hiyo karibu na mji wa Pozzuoli, katika Italia, nao wakajenga kuba ya Pantheon katika karne ya 2, yenye upana wa mita 43, ambayo ingali imesimama. Mwaka 1756 John Smeaton, Mwingereza, alipewa kazi ya kujenga mnara wa taa juu ya mwamba wa Eddystone unaopigwa na mawimbi. Alijaribu chokaa za namna nyingi, akagundua kwamba jiwe la chokaa lililochanganyika na udongo tangu asili hutoa chokaa igandayo majini.

Na sisi wenye lugha ya Kiswahili tunao ushahidi kinywani mwetu. Siku hizi tukisema "saruji" twafikiri mfuko wa simenti kutoka kiwandani. Lakini neno hilo ni la kale kuliko kiwanda chochote. Huko Omani mafundi huchoma udongo, huusaga, huuchanganya na chokaa, na mchanganyiko huo huitwa saruji; kwa huo wamejengea mifereji ya maji iitwayo aflaji. Basi saruji ya asili ilikuwa chokaa iliyooa udongo uliochomwa. Ndani yake vitu viwili hushikana kwa msaada wa maji. Kwa hiyo uji wa namna hii waweza kukaza gizani, moyoni mwa ukuta, mradi usinyimwe unyevu wiki za kwanza.

Turudi sasa kwenye ukuta wa msikiti. Simenti tuijuayo leo ilitokana na kazi za watu wengi. Joseph Aspdin wa Uingereza aliandikisha jina la simenti ya Portland mwaka 1824. Hatuitukani. Kwa daraja jipya na nguzo mpya ni msaada mkubwa. Lakini ukuta wa matumbawe ni kitu kingine. Jiwe lake ni jepesi, lina vitundu, lina chumvi, tena hupandwa na unyevu kutoka ardhini. Ukuta kama huo hauna budi kupumua. Lipu ya chokaa huuachia unyevu utoke nje polepole. Lipu ya simenti huufungia ndani. Maji yakikosa njia hujitafutia njia katika jiwe lenyewe. Hukaukia humo, chumvi ikaganda, ikalisukuma jiwe hata likawa mchanga. Chokaa ni laini kuliko jiwe, basi pakiwa na madhara huumia chokaa, nayo hutengenezeka kwa mwiko na karai moja. Simenti ni ngumu kuliko jiwe, basi huumia jiwe, nalo halirudi.

Ndivyo ilivyokuwa kijijini. Masika ya kwanza ukuta wa simenti uling'aa. Masika ya tatu ukaanza kutoa sauti tupu ukigongwa. Kipande kilipoanguka, nyuma yake mawe ya mababu yalikuwa yameliwa kwa kina cha vidole viwili. Mzee yule alituletea salamu, nasi tukaenda. Tulimwambia, "Mzee wetu, kosa ni letu. Chokaa haikuwa na hatia." Akajibu, "Kama mmejua kosa, basi fanyeni kazi." Tulibandua simenti kwa uangalifu, tukajaza palipoliwa, tukangoja kaskazi ipite na masika yaishe. Tukapiga tabaka nyembamba, tukatundika magunia yaliyoloweshwa na makuti ya kuzuia upepo na jua. Watoto wa chuo walipewa zamu ya kunyunyiza maji asubuhi na jioni kwa wiki nne. Mwaka uliofuata mzee aliuchukua msumari akaukwaruza ukuta. Msumari ukaacha mstari mweupe tu. Hakusema neno, aliturudishia msumari, akaingia kutawadha.

Jambo hili si la kijiji kimoja. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya mahali penye hatari, nayo yakatolewa humo mwaka 2014, baada ya kazi nyingi za kuyatengeneza. Huko Unguja, siku ya 25 Desemba, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, ilianguka, na watu wawili wakafa. Basi kuta kuukuu si mapambo tu. Ndani yake na chini yake wamo watu.

Wenye nyumba na misikiti ya namna hii na washike maneno machache. Kwanza, tengenezeni paa kabla ya ukuta, maana adui wa kwanza ni maji yatokayo juu. Pili, mchanga uwe safi, usiwe na chumvi ya pwani. Tatu, loweni ukuta kabla ya kazi, na kuulinda na jua na upepo baada ya kazi. Nne, msipige tabaka nene, wala msipige tabaka ya pili kabla ya kwanza kukaza. Tano, ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Na sita, msivunje matumbawe yaliyo hai baharini kwa kuchomea chokaa. Hayo ni nyumba ya samaki na ngome ya ufuo. Mawe ya chokaa ya nchi kavu yatosha.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza neno moja dogo: ukiziba ufa kwa kitu kisichopatana na ukuta, utajenga ukuta vile vile.